Kituo cha Mlimani Hakipatikani

"Kaka, nimekwambia nataka waya wa mtandao. Huu naingiza wapi?"

"Dada, waya ni waya. Ukiulazimisha unaingia."

Zuleha aliuweka ule waya juu ya meza ya muuza vifaa na kushika kiuno. Ilikuwa Jumamosi, nje ya soko kuu la Morogoro, na watu walimpita huku na huku na ndizi, ndoo za plastiki na mifuko ya viazi. Alivaa dera la bluu na mtandio mweupe aliouzungusha shingoni kwa haraka. Uso wake ulikuwa wa mviringo, wa kahawia iliyokolea, na alipokasirika mdomo wake wa chini ulijitokeza kidogo kama wa mtoto.

Ni mdomo huo uliomchekesha mtu aliyesimama nyuma yake.

"Unacheka nini?" Zuleha aligeuka.

"Samahani. Huo ni waya wa simu ya mezani. Hata ukiulazimisha kwa nyundo hauingii." Alikuwa kijana mrefu, shati la drafti, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. "Unataka kuunganisha nini?"

"Laptop na kile kiboksi cha ukutani. Nimepangiwa zahanati ya Nyamigoha, huko juu. Wanasema nitakuwa natuma picha za altrasaundi mjini."

Kijana aliacha kucheka. "Kumbe ni wewe. Picha zako zitakuwa zinakuja kwenye seva yangu. Mimi ndiye fundi mitambo wa hospitali. Naitwa Luqmani."

"Basi seva yako ijiandae. Mimi si mpole."

"Nimeona," alisema, akachagua waya unaofaa na kumkabidhi kama mtu anayekabidhi ua.

Luqmani aliandika namba ya Zuleha palepale. Kwenye simu yake alimwandika *Kituo cha Mlimani*, maana ofisini simu yake ilishikwa na kila mtu, naye hakutaka utani.

Nyamigoha iko juu kabisa Uluguruni, mahali ambapo migomba inaishia na msitu unaanza. Simu ya mkononi ilishika sehemu moja tu, dirishani kwa stoo ya dawa, tena kwa kuongea, si kwa kutuma picha. Kilichokuwepo ni mtandao wa kile kiboksi, uliotoka kwenye mnara wa hospitali, ambao haukuwa na njia ya kwenda popote duniani ila kwenye seva ya hospitali mjini. Zuleha alipiga picha matumbo ya wajawazito, akazituma, na Daktari Jesca akazisoma akiwa chini huko. Zuleha alifundishwa kupiga tu. Kusoma hakufundishwa.

Mtandao ulipokatika alimpigia Luqmani. Baadaye akaanza kumpigia hata usipokatika.

"Haloo fundi, mtandao umekatika."

"Umekatikaje, Zuleha? Nauona hapa, mzima kabisa."

"Basi itakuwa mimi ndiye niliyekatika."

"Hilo tatizo halitengenezwi kwa simu, mpenzi. Linahitaji fundi aje mwenyewe."

Na fundi alikwenda. Alipanda na pikipiki, akafika ametapakaa tope hadi masikioni, akabadilisha kifaa ambacho hakikuwa kibovu. Zuleha alimpikia magimbi kwa nazi. Walikaa barazani wakiangalia ukungu unavyolipanda bonde, na Luqmani akamfundisha kufungua lile dirisha jeusi la kompyuta na kuiita seva.

"Ikijibu, ujue barabara ipo. Isipojibu, barabara imekatika."

"Na ikijibu halafu isinifungulie?"

"Hapo ujue mlango umefungwa. Hata mimi nakuita, unajibu, lakini hunifungulii."

"Nenda kwa mjomba Kibwana ukabishe hodi. Funguo anazo yeye."

Haukuwa utani. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na Mzee Kibwana wa Mlali alikuwa na neno zito. Wakapanga siku. Luqmani angekuja Jumamosi na mshenga, kaka yake mkubwa, kujitambulisha.

Siku hiyo nyumba ya Mlali ilifagiliwa hadi uwanja ukang'aa. Mama yake Zuleha alipika wali na kuku. Mzee Kibwana alivaa kanzu na koti, akakaa kwenye kiti chake cha mkono. Zuleha alivaa gauni la kitenge cha njano, kichwani kajifunga kilemba, mikononi hina mbichi. Wakasubiri. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Simu ya Luqmani ilikuwa haipatikani. Magharibi ilipoadhiniwa, mjomba aliinuka na kuvua koti.

"Mfungulieni mbwa," alisema. "Wageni hawaji tena."

Kesho yake Zuleha alipiga tena, akiwa amejificha nyuma ya nyumba. Safari hii ikaita. Akapokea mwanamke, sauti nzito ya uchovu.

"Amelala, dada. Jana hatukufumba macho kabisa. Kazi zenu zisubiri, muacheni apumzike."

Zuleha alikata. Alikaa chini kwenye mizizi ya mchungwa, akaangalia hina yake. Kisha akaifungia namba ile, isipige wala isitume neno, akarudi mlimani kabla mjomba hajaanza kuuliza maswali.

Masika yakaja na hasira. Mvua ilinyesha usiku na mchana, paneli za sola zikawa hazioni jua, na laptop ya zahanati ilizima kabisa kwa kukosa chaji. Kisha kipande cha mlima kikamomonyoka na kumeza barabara chini ya kijiji. Hakuna gari lililopanda tena.

Katika mvua hiyo Salum, mkulima wa jirani, alimleta mkewe Asha. Alimbeba mgongoni. Asha alikuwa na mimba kubwa, na khanga yake ilikuwa imelowa damu.

"Unasikia maumivu?" Zuleha aliuliza huku akimfunga dripu.

"Hapana, nesi. Inatoka tu."

Damu nyingi bila maumivu. Inawezekana kondo la nyuma limekaa vibaya, limeziba njia ya mtoto. Kama ni hivyo, uchungu ukianza hapa Asha anakufa, lazima abebwe kwa machela hadi ng'ambo ya maporomoko. Na kama sivyo, kumtikisa kwenye utelezi ule mtu anayevuja damu ndiko kungemmaliza. Jibu lilikuwa kwenye picha, na msomaji wa picha alikuwa mjini.

Jua lilichungulia kidogo asubuhi ile, betri ikapata chaji ya kubahatisha. Zuleha aliwasha laptop, akapiga picha, akabonyeza kutuma. Seva ikamkataa. Akarudia neno la siri. Ikamkataa. Akarudia tena na tena, mpaka ikaacha hata kumjibu, ikawa inazunguka tu na kuandika kwamba imeshindwa kuunganishwa.

Alikimbilia dirishani kwa stoo na kumpigia daktari.

"Sioni picha yoyote, Zuleha," alisema Daktari Jesca. "Na kwa maneno tu siwezi kuamua jambo kama hilo. Mpigie fundi."

"Hakuna fundi mwingine, daktari?"

"Yupo Luqmani tu. Mpigie, binti, unapoteza muda!"

Zuleha aliitazama ile namba aliyoifungia. Nyuma yake Salum alikuwa akiita jina la mkewe kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha. Akaifungua namba. Akapiga.

Ilipokewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Zuleha?"

"Nimepiga kwa kazi," alisema haraka. "Nina mgonjwa anatoka damu. Seva yako inanikataa."

Sauti ya Luqmani ikabadilika, ikawa kavu na makini. "Taa za kiboksi zikoje?"

"Zote kijani."

"Leta laptop hapo dirishani, waya unafika. Fungua dirisha jeusi, iite seva."

Aliandika. "Inajibu."

"Barabara ipo basi. Subiri niangalie upande wangu." Zuleha alisikia vitufe vikigongwa kwa kasi. "Nimekuona. Umeweka neno la siri la zamani mara nyingi mno, seva imekuona mwizi. Imeifungia anwani yako."

"La zamani? Nani kalibadilisha?"

"Mimi. Vituo vyote nilivitumia ujumbe. Na wewe nilikutumia."

"Sikupata."

"Ungepataje, Zuleha, na wewe ulinifungia?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. Zuleha alimtazama Asha kitandani, midomo imeanza kupauka, akaelewa kwamba mkono wake mwenyewe, ule wa hina, ndio uliofunga mlango huu.

"Luqmani, atakufa," alisema, na sauti ikapasuka. "Atakufa mikononi mwangu."

"Hajafa. Nisikilize. Nimeshakufungulia. Andika neno jipya." Akalitaja herufi kwa herufi. "Bonyeza. Inasemaje?"

"Inasema cheti cha seva si halali. Luqmani, inakataa tena!"

"Usirudie! Acha kabisa kubonyeza. Laptop ilizima hivi karibuni? Betri ilikauka?"

"Ndiyo, mvua hii yote."

"Angalia pembeni chini. Inasema leo ni tarehe ngapi?"

Zuleha aliangalia. "Mungu wangu. Imerudi nyuma miaka. Inaonyesha mwaka ambao nilikuwa bado chuoni."

"Ndiyo hiyo. Imepoteza saa, kwa hiyo ikioneshwa kitambulisho cha seva inadhani ni cha uongo. Rekebisha tarehe. Taratibu, usikosee mwezi."

Alirekebisha. Jasho lilimdondoka kwenye vitufe. Akabonyeza, na ukurasa ukafunguka mbele yake.

"Nimeingia! Luqmani, nimeingia!"

"Tuma."

Picha zilianza kupanda, zikafika nusu, zikakwama. Mvua ilikuwa imerudi na kufunika mnara wote.

"Futa," Luqmani alisema. "Usitume zote kwa pamoja, mtandao umelegea, unashindwa mzigo. Chagua moja, ile unayoona imetoka vizuri kuliko zote. Ipunguze ukubwa, halafu itume peke yake."

Alifanya hivyo. Mstari wa kijani ulianza kusogea, polepole kama konokono. Betri ilikuwa inaelekea mwisho. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na katika kungoja huko wawili hawa wakabaki wakisikilizana wanavyopumua.

"Mwanamke yule ni nani?" Zuleha alijikuta ameuliza.

"Yupi?"

"Aliyepokea simu yako. Akaniambia umelala, hamkufumba macho usiku kucha."

"Ni Sabra. Dada yangu, tumbo moja. Ijumaa ile waliniita Handeni, baba alianguka ghafla. Nilikupigia nikiwa njiani, hukupatikana. Halafu simu ikazima, na mimi nikasahau kama nina simu. Tulikesha naye hospitali. Alifariki alfajiri ya Jumatatu."

Zuleha aliegemea ukuta.

"Sabra hakuniita kwa jina," alinong'ona. "Alisema kazi zenu."

"Nilikuandika Kituo cha Mlimani. Tangu siku ile ya sokoni. Aliona hivyo, akadhani ni watu wa kazi." Akashusha pumzi. "Nikikupigia hupatikani. Nilifika hadi kwenye maporomoko, nikakuta hakupitiki. Nikasema labda ndiyo umeamua."

"Luqmani, mimi..."

"Nesi!" Salum alipiga ukelele. "Nesi, anatetemeka!"

Zuleha aliiacha simu dirishani na kukimbia. Asha alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alimfunika kila blanketi lililokuwepo, akainua miguu yake, akafungulia dripu iende kasi, akamsemesha mfululizo asije akafumba macho. Aliposikia jina lake likipaazwa kwenye simu, alirudi mbio.

"Imefika!" Luqmani alikuwa anahema. "Daktari yuko hapa, ameishika."

Sauti ya Daktari Jesca ikaingia. "Zuleha, kondo limeziba njia kabisa. Usimchunguze kwa ndani, hata kidole. Mbebeni sasa hivi. Gari litasubiri ng'ambo ya maporomoko."

Laptop ikazima. Simu nayo ikakatika.

Wanaume wa Nyamigoha waliitwa kwa mayowe, wakaja na mapanga na kamba. Machela ilifungwa kwa miti na magunia. Njia ya gari haikuwepo, wakashika ya miguu, ile inayokata msituni na kushukia kwenye korongo. Tope lilifika magotini. Wabebaji walipokezana bila kusimama, mmoja akianguka mwingine anadaka ncha ya mti kabla haijagusa chini. Zuleha alitembea ubavuni ameinua chupa ya dripu juu ya kichwa, mkono mwingine kwenye mshipa wa Asha, akiutafuta kila ulipopotea. Kuna mahali aliutafuta akaukosa kabisa, akaanza kulia kwa sauti huku anatembea, na Salum alipoona hivyo akaanza kuomba dua kwa kupayuka. Kisha ukarudi, mwembamba mno.

Walipotokeza kwenye maporomoko, jioni ilikuwa inaingia. Ng'ambo gari la wagonjwa liliwasha taa. Katikati ya kifusi, akiwa amezama hadi mapajani na kiatu kimoja kimebaki kwenye tope, alikuwa anakuja Luqmani. Alikuwa amekonda. Ndevu zilimwota ovyo. Hakumshika Zuleha mkono, hata salamu hakutoa. Alimfikia Salum, ambaye miguu ilikuwa imeshaisha, akamwondolea mti wa machela begani na kuubeba yeye.

Asha alifanyiwa upasuaji usiku ule. Walimwongezea damu chupa baada ya chupa. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo mno, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kusema ataishi. Aliishi. Mama yake naye aliishi.

Zuleha aliambiwa hivyo akiwa amekaa kwenye benchi la ukumbi wa wodi, dera lake limekauka tope na damu. Luqmani alikuwa amekaa mwisho wa benchi lilelile. Zuleha aliinuka, akaenda akasimama mbele yake, akampa mikono miwili kama anavyopewa mfiwa.

"Pole na msiba, Luqmani," alisema. "Nimechelewa sana kukupa pole."

Luqmani aliishika ile mikono. Tangu amzike baba yake alikuwa hajalia. Alilia pale, ameinamisha paji la uso kwenye vidole vya Zuleha, na manesi waliopita walidhani amefiwa leo.

"Nisamehe," Zuleha alisema. "Ningeuliza. Neno moja tu, ningeuliza."

"Na mimi ningekuandika jina lako. Nilikuficha kama kosa."

"Bado unanitaka, mimi niliyekuzika ukiwa hai?"

"Nakutaka, laazizi. Lakini mjomba wako atanikubalije? Niliwaaibisha. Na sasa hata wa kunisemea sina. Baba hayupo, kaka yuko na mama Handeni, hawezi kumwacha peke yake."

Zuleha alimjua mjomba wake.

Luqmani alikwenda Mlali peke yake. Watu hawaendi hivyo kuposa, na alijua. Alivaa kanzu aliyomzikia baba yake, kwa kuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Mzee Kibwana alimkuta amesimama uwanjani, asimkaribishe kiti. Mama yake Zuleha na Zuleha mwenyewe walikuwa ndani, mlango umeachwa wazi kidogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Jumamosi?"

"Ndiye mimi, mjomba."

"Tulikungoja hadi kuku akapoa. Niliona aibu mbele ya dada yangu. Zuleha ameshanieleza, lakini nataka nisikie kwako."

Luqmani akaeleza. Hakujitetea. Alieleza habari za Handeni, za simu iliyozima, za jinsi alivyomwosha baba yake. Mzee alisikiliza akitazama vidole vya miguu yake.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mjomba."

"Hakuna anayeposa peke yake. Baba yako ndiye angesimama."

"Baba nimemzika. Sina mtu wa kusimama naye. Ukinifukuza nitaondoka, lakini nimeona ni heri nifukuzwe nikiwa nimefika."

Ndani, Zuleha aliuma pindo la mtandio wake asisikike. Mzee Kibwana aliwasogeza kwa mguu kuku waliokuwa wakiparua uwanjani. Kisha akaingia ndani, akapita mbele ya dada yake. Akatoka amevaa koti juu ya kanzu. Hakurudi kwenye kiti chake. Alitembea hadi alipo Luqmani, akasimama ubavuni pake, bega kwa bega, wote wawili wameuelekea mlango.

"Hodi wenyewe!" aliita kwa sauti kubwa, kana kwamba ametoka mbali. "Mama Zuleha! Tumekuja kuposa, mimi na mwanangu. Tafuteni huko ndani mtu mwingine wa kutujibu."

Mlango ukafunguliwa.